Ageuzwe Kama Gogo

Siku Loishiye alipoanguka kutoka juu ya mparachichi, mke wake Nashilu alikuwa chini akiokota matunda. Alisikia tawi likikatika, akamwona mumewe anashuka kwa mgongo na kutua kwenye mawe ya mtaro. Alimkuta amelala chali, macho wazi, anahema. Vidole vya miguu vilikuwa vinacheza. Hilo Nashilu aliliona kwa macho yake, akamshukuru Mungu.

"Tajeu! Njoo tumtoe hapa, haraka!"

Tajeu, mdogo wake Loishiye, alikuja mbio kutoka shamba la pili. Kwa tope lile la Aprili hakukuwa na gari la kupanda mpaka kijijini kwao Olkokola. Akamshika kaka yake kwapani, Nashilu akashika miguu, wakamwinua amejikunja katikati kama gunia lisilojaa. Loishiye alipiga ukelele mmoja, akanyamaza. Wakamkalisha kwenye bodaboda, dereva mbele, Tajeu nyuma amemkumbatia, wakateremka hadi barabara ya lami.

Hospitalini, siku ya tatu, alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo aitwaye Swabaha, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Ngarenaro, mwenye sauti ya taratibu. Alimweleza Nashilu kwamba uti wa mgongo umevunjika juu kidogo ya kiuno, na kutoka hapo kwenda chini hakuna kinachohisi. Kisha akamfundisha kazi. Mgonjwa alazwe chali kwa muda wa saa mbili, halafu ubavu wa kulia, halafu wa kushoto. Kulia ni kulia kwake yeye, si kwako uliyesimama mbele yake. Hapo Nashilu alikosea mara mbili. Goti likunjwe, linyooshwe. Mguu upelekwe nje, urudishwe ndani. Kifundo kizungushwe. Na anapogeuzwa, mabega na nyonga viende pamoja, kama gogo.

"Kiuno kisipindike hata kidogo," Swabaha alisema. "Siku ile mlimbebaje?"

Tajeu akaeleza yote bila kuficha, mpaka habari ya bodaboda. Swabaha akaacha kuandika.

"Kabla hamjamwinua, alikuwa anachezesha miguu?"

Tajeu akamgeukia shemeji yake. Nashilu aliitazama mikono yake, ileile iliyoshika ile miguu.

"Sikuona," akasema.

Walirudi nyumbani Juni. Tajeu alikuwa anafika kabla ya kukamua ng'ombe, na tena kila alipoitwa. Yeye mabegani, Nashilu nyongani, wanahesabu moja, mbili, tatu. Loishiye alikuwa mwanaume mkubwa. Mtu mmoja asingemweza.

Agosti Swabaha alikuja kuwatembelea. Akaisifu ngozi ya mgonjwa, akamkunja magoti, akayanyoosha. Tajeu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada," akauliza, "kama siku ile tungemwacha palepale chini, tukatafuta ubao wa kumlaza, angetembea?"

"Siwezi kujua. Labda, kama miguu ilikuwa bado inacheza."

"Ilikuwa inacheza," Loishiye alisema kutoka kitandani. Hakumwangalia yeyote. "Nilikuwa nahisi mawe kwenye visigino. Mliponiinua ndipo yakapotea."

Tajeu akavaa kofia, akatoka. Nashilu alikuwa na neno la kusema na nafasi ya kulisema, lakini alibaki anakunja shuka.

Kesho yake Tajeu hakuja, wala keshokutwa. Ikasikika kwamba yuko Momela, anachunga ng'ombe wa mtu. Nashilu akawa anamgeuza mumewe peke yake, kwa kumvuta na shuka, mpaka ngozi ya juu ya makalio ikachubuka, kisha ikafunguka. Majirani walisaidia Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine walikuwa na mashamba yao. Kufikia Oktoba kidonda kilikuwa kinaingia ngumi. Loishiye hakukihisi. Alisikia harufu tu, na yeye akawa anamwomba radhi kila aliyeingia chumbani kwa harufu hiyo. Alikufa Novemba, kwa homa.

Tajeu alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya watu wote, wala hakushika koleo. Watu walipoanza kutawanyika, Nashilu alimfuata kwenye migomba.

"Shemeji," alisema, "niliyekuita ni mimi. Niliyesema tumtoe haraka ni mimi. Miguu niliishika mimi, na kabla sijaishika niliona vidole vinacheza."

Tajeu alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa jua. Alimtazama sana.

"Kwa hiyo hospitalini ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na siku ile nilipotoka pale mlangoni, ukaniacha niende."

"Nikakuacha."

Tajeu aliokota fimbo yake, akashika njia ya kuteremka barabarani. Nashilu alimtazama mpaka migomba ikamficha, kisha akarudi ndani. Wanawake wa kanisa walikuwa wanaosha masufuria, na mmoja akamuuliza kama lile godoro la marehemu lianikwe au lichomwe.