Kijito Kilichobanduka

Wakana Orito alipiga magoti mbele ya milango minne ya kusukuma katika ukumbi wa nyumba ya watawa, akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa mkeka. Chini ya mlango wa pili palikuwa na mstari wa vumbi la buluu, kama unga uliovuja kwenye gunia. Vumbi lile lilikuwa kijito chake. Miaka miwili nyuma alikichora kwenye karatasi ya milango ile kwa jiwe la buluu lililosagwa, akalishikisha kwa gundi ya ngozi, kama wachoraji wa Japani walivyofanya tangu enzi za mababu. Sasa kijito kilikuwa kinabanduka.

"Kilianza mvua za Juni zilipoingia," alisema Myoen, mtawa mkuu. "Mwanzoni nilidhani ni vumbi tu, nikafagia. Halafu nikaona ufagio wangu umekuwa wa buluu."

"Ukalitupa wapi?"

"Nilitupe? Mtawa hatupi kitu, Mwalimu. Liko kwenye kopo la chai."

Wakana alichota vumbi kidogo kwa ncha ya kidole. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakuna kazi yake iliyowahi kumwaibisha namna hii.

"Bwana Hosaka analo lake la kusema," Myoen aliendelea. Hosaka alikuwa mwenyekiti wa kamati ya waumini. "Anasema kuna kampuni inapiga picha, inachapa, inabandika. Eti hata mtoto akimwagia supu unafuta tu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nina miaka sabini na tisa. Sitaki kumalizia siku zangu nikitazama kitu kinachosubiri supu. Lakini Mei tuna kumbukumbu ya mwanzilishi wetu, na wageni watakuja. Siwezi kuwaketisha mbele ya ukuta unaomwaga unga."

"Nipe mpaka Mei."

"Ukipaka tena kwa gundi ileile, si itabanduka vilevile?"

Hapo ndipo penye kidonda. Mzee aliyekuwa akipika vijiti vya gundi alivyovitumia Wakana kwa miaka ishirini alifariki bila mrithi, na karakana yake ikafungwa. Wakana akanunua vingine dukani, akajisemea gundi ni gundi tu. Matokeo yake yalikuwa pale mkekani.

"Nitaipika mwenyewe," alisema, na neno likamtoka kabla hajalipima.

"Umewahi kupika?"

"Sijawahi."

"Basi wahi kuanza," alisema Myoen, akaenda kumletea lile kopo.

Siku ya tatu yake Wakana alikwenda kwa Bwana Sakazume, mwindaji aliyeishi mwisho wa bonde. Kulungu walikuwa wamezidi milimani, wanakula mpunga na misitu, na halmashauri ilimwajiri yeye na wenzake kuwapunguza. Alimkuta uani akinoa kisu.

"Ngozi?" Sakazume alimwangalia juu mpaka chini. "Ngozi tunazifukia. Watu huja kuniomba nyama ya paja, wewe unaomba ngozi. Kwenu mnakula nini?"

"Nataka nizipike gundi ya kuchorea."

"Uchoraji si kazi ya kukaa umejipodoa, brashi mkononi?"

"Ndivyo nilivyodhani na mimi."

Mwindaji alicheka. "Chukua. Lakini sikuletei. Njoo mwenyewe, na uje na plastiki, gari lako litanuka mpaka uliuze."

Wakana akarudi na ngozi tatu. Maji alikwishayavulia nguo, ilibaki kuyaoga. Aliziloweka kwenye mapipa ya maji ya chokaa nyuma ya nyumba hadi manyoya yakalegea, akayakwangua kwa kisu butu huku mgongo unamuuma, akazisuuza, akazikata vipande, akaviweka jikoni juu ya moto. Mchana kutwa alikoroga. Kufika jioni, Bibi Toyoko wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni, leso puani.

"Mwanangu, umefiwa na nini humo ndani?"

"Ni gundi, Bibi. Niwie radhi."

"Mume wangu mwenyewe nilikaa na maiti yake siku mbili kabla ya kuichoma, na haikunuka hivi!"

Wakana aliinama mara tatu kuomba msamaha, akarudi kwenye sufuria. Gundi ile ilipokauka ikawa ya hudhurungi, na alipokivunja kijiti kikameguka kama biskuti. Moto ulikuwa mkali mno, akaelewa; gundi haitaki kuchemka, inataka joto la maji ya kuoga, saa nyingi, bila pupa.

Mara ya pili alipika taratibu, na gundi ikatoka njano safi. Akaimimina kwenye sinia, ikaganda, akaikata vijiti, akavitandaza juu ya wavu barazani. Siku mbili zilizofuata Desemba ikamgeuka: pakawa na joto na rasharasha, na vijiti vikaota ukungu wa kijani. Alivifukia bustanini, akamfuata Sakazume tena.

"Bado tu?" aliuliza mwindaji.

"Bado."

"Mimi ningekuwa nimeshanunua ya dukani."

"Ya dukani ndiyo iliyonifikisha hapa."

Mara ya tatu theluji ilikuwa imeshaanguka na upepo mkavu ukavuma wiki nzima. Vijiti vikakauka vizuri, vinang'aa kama kaharabu. Wakana alifurahi mapema. Alipoviyeyusha na kupaka rangi kwenye vipande vya karatasi, gundi iliivuta karatasi ikajikunja, na rangi ikapasuka nyufa. Chokaa haikuwa imetoka yote kwenye ngozi. Usiku huo alikaa mbele ya vipande vile na kulia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akanawa uso, akaandika ukutani kwa penseli: *Suuza siku saba, si tatu.*

Zile siku saba ndizo zilizompeleka mlimani. Maji ya bomba yaliganda, na Sakazume akamwambia kuna mahali juu bondeni ambapo maji hayagandi. "Ni kilekile kijito chako," alisema. "Kile cha milangoni kwa watawa. Huijui njia yake?"

Wakana alikijua, lakini kwa michoro aliyoichora akiwa mwanafunzi. Hakuwa amepanda kule kwa miaka ishirini. Walipanda pamoja, kila mmoja na ngozi mgongoni, na walipofika Wakana akatua mzigo, akatazama huku na huku.

Kwenye milango ya watawa alikuwa amechora kingo zilizofunikwa makangaga na mianzi mifupi, kijani juu ya kijani. Hapa hapakuwa na jani. Udongo ulikuwa uchi, mizizi ya mierezi imechomoza kama vidole, na ukingo mmoja ulikuwa umeporomokea majini.

"Makangaga yako wapi?"

"Wameyala," alisema Sakazume. "Miaka kumi sasa. Sisi tunafyatua, wao wanazaa. Ulidhani nawaua kwa kupenda?"

Wakana alifunga ngozi kwa kamba, akazizamisha penye maji ya mwendo. Mikono ilikufa ganzi. "Nilichora kijito kisichokuwepo," alisema.

"Kilikuwepo. Ulichelewa tu kurudi."

Siku zote saba alipanda kuzigeuza, na kila siku aliketi juu ya jiwe akachora: mizizi, ukingo ulioporomoka, kulungu jike aliyeteremka kunywa maji akiwa amekonda mbavu zinahesabika. Siku ya tano Sakazume alimkuta vidole vimemwiva vyekundu, hawezi kushika penseli sawasawa.

"Utavipoteza hivyo."

"Nina kumi."

Gundi ya mara ya nne ilipikwa mwishoni mwa Februari. Wakana hakuiamini. Alipaka rangi kwenye vipande thelathini vya karatasi, vingine akavining'iniza juu ya mvuke wa birika, vingine nje kwenye baridi, vingine akavikunja na kukunjua kila asubuhi. Wiki tatu zikapita. Alivifuta kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kikabaki cheupe.

Ndipo akaenda kwa watawa, akaloweka picha ya zamani kwa maji ya moto na kuikusanya rangi yote kwenye bakuli. Jiwe halifi, aliliosha mara kumi mpaka gundi mbovu ikatoka, likatuama chini, buluu kama siku lilipochimbwa. Akaongeza na lile la kopo la chai. Akabandika karatasi mpya, akaipaka shabu na gundi nyepesi ili isinywe rangi, akaanza kuchora, tabaka juu ya tabaka, kila moja likikauka kabla ya jingine. Hakuchora makangaga.

Siku ya kumbukumbu, Bwana Hosaka aliingia ukumbini kabla ya wageni, akaikagua milango mmoja baada ya mwingine.

"Tulikubaliana kijito kilekile, Mwalimu Orito."

"Ndicho kilekile, Mwenyekiti."

"Mbona kimenyolewa? Na huyu mnyama? Wageni wanakuja kupumzisha roho, wewe unawaonyesha njaa!"

Wakana hakuinamisha kichwa. "Kipo mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Kama nimeongopa, panda ukakitazame. Nitafuta picha yote kwa mkono wangu."

Hosaka alimgeukia Myoen. Mtawa mkuu alikuwa anapanga mito ya kukalia.

"Mimi niliomba kisibanduke," alisema. "Kuhusu majani, hilo waulize kulungu."

Hosaka akanyoosha kiganja, akausugua ubuluu wa mlango wa pili kwa nguvu zaidi kuliko ilivyo adabu. Akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu na safi. "Hm," alisema, akaenda kupokea wageni.

Haikuwa pongezi, na Wakana hakuisubiri. Mtihani wake ulikuwa Juni. Mvua zilipoingia alikwenda ukumbini kila siku, siku thelathini na nane, akapiga magoti na kukagua mikeka kwa tochi. Hakuona hata chembe. Wiki ya pili Hosaka alitokea akiwa na viatu vya tope mpaka kifundoni. Alikuwa ametoka mlimani. Hakusema alichokiona, aliuliza tu wavu wa kuzungushia ukingo wa kijito, kulungu wasiingie, ni wa urefu gani. Wakana akamwelekeza kwa Sakazume.

Habari za gundi zilienea. Vuli, mchoraji mmoja wa Kyoto alimpigia simu kuuliza anauza kijiti bei gani.

"Siuzi," alisema Wakana. "Njoo Januari nikufundishe. Vaa koti usilolipenda."

Walikuja watatu. Bibi Toyoko alifungua dirisha, akawatazama wakikwangua manyoya kwenye baridi, wamefunga pua kwa taulo.

"Sasa mmekuwa wanne!" alipiga kelele.

"Mwakani tutakuwa zaidi, Bibi," alijibu Wakana, akavuta ngozi nyingine kutoka pipani.