Mwanafunzi wa Kumi

Suruali ilikuwa bado mbichi Benedikto alipoivaa. Ndiyo hiyo moja aliyokuwa nayo ya kutokea mbele za watu. Aliifua jana jioni, mvua ya alfajiri ikaikuta kwenye kamba, na saa nne alitakiwa awe ofisini kwa mshauri wake wa masomo, chuoni, ng'ambo kabisa ya jiji. Nauli hakuwa nayo. Akakunja karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni akatokea uani.

Mjomba wake, Mzee Albano, alikuwa ameshakaa, gogo la mpingo katikati ya miguu, patasi mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

Uongo mtupu. Nyumba hiyo haikuwa imeona sukari wala unga tangu juzi, na Mzee Albano alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akaendelea kuchonga, maana mtu mzima hamuumbui mtu mzima mwenzake. Benedikto alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kwao Newala mtoto ni wa mjomba, na baba yake Benedikto alipofariki, huyu Albano ndiye aliyemchukua kijana, akaja naye Mtoni, akamsomesha kwa vinyago. Kisha Benedikto akafanya kazi miaka minane kwenye kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda na chama vikampendekeza aende chuo kikuu. Ruhusa ya miaka mitatu. Sasa ilibaki miezi miwili tu. Miezi miwili, na ripoti ya utafiti.

Alifika ofisini miguu imevimba.

"Umelowa," Dokta Kornelio akasema.

"Mvua, Dokta."

"Huku haikunyesha. Kaa."

Semeni mtakavyo, Dokta Kornelio hakuwa mtu mbaya. Chuo kilimpa wanafunzi kumi, awashike mkono tangu siku ya kwanza mpaka siku ya mahafali, na kweli aliwashika. Aliwachagulia masomo, aliwaazimia vitabu kwa jina lake, aliwagombeza kama watoto wake. Benedikto alipoanguka takwimu mwaka wa kwanza, ni Dokta huyu aliyemfundisha likizo nzima, bila kuombwa. Wanafunzi tisa walikuwa wameshavuka. Alibaki huyu wa kumi, na Dokta hakutaka kumwacha njiani.

"Umetembelea nyumba themanini," akasema, akipekua ripoti, "halafu unaniambia watu wasio na kazi ni tisa?"

"Ndivyo nilivyowakuta. Kila mtu ana shughuli yake. Huyu anachonga, yule anakaanga vitumbua, mwingine anabeba mizigo sokoni."

"Ndugu Benedikto. Mada uliyosajili ni ukosefu wa kazi mjini. Ukisema wasio na kazi hawapo, huna utafiti. Na kama huna utafiti, huna shahada." Akavua miwani. "Mtu anachonga vinyago uani kwake. Hana leseni, hayumo kwenye ushirika. Hiyo nayo ni kazi?"

Akilini Benedikto aliviona vidole vya mjomba wake, vimejaa makovu ya patasi. Vidole hivyo ndivyo vilivyomfikisha kwenye kiti hiki.

"Sijui, Dokta."

"Ndiyo maana ukapewa mshauri. Rudi, uulize swali moja tu: una barua ya mwajiri? Asiye nayo, mwandike hana kazi. Na majina yote, pamoja na namba za nyumba, yaweke mwishoni kama kiambatisho. Vinginevyo wasahihishaji watasema ulijifungia chumbani ukajitungia."

Benedikto akamshukuru. Alimshukuru kwa moyo wake wote.

Siku ya kwanza alipita yeye nyumba kwa nyumba. Kuanzia siku ya pili watu walianza kumfuata wenyewe. Habari ilishaenea mpaka barabara ya Kilwa kwamba Benedikto wa Mzee Albano anaandika watu wa kazi. Chausiku, muuza vitumbua, mama mtu mzima mwenye wajukuu watano, alimkamata mkono pale pale penye jiko lake.

"Mwanangu, usije ukaniruka."

"Mama, mie nafanya utafiti wa chuo tu."

"Si ndiyo huo huo? Kuna kiwanda kinafunguliwa, Serikali inataka majina. Niandike, hana kazi. Na hivi vitumbua usivitaje kabisa, wasije wakasema huyu ameshajitosheleza."

Benedikto akafungua mdomo. Neno moja tu lilitosha: hakuna kiwanda. Lakini kabla hajalisema alishaanza kuandika, maana huyo alikuwa mtu wa arobaini na moja, na ripoti ya kwanza ilikuwa na tisa tu.

Jamani, watu waliificha kazi kama wanavyoficha ugonjwa! Fundi wa baiskeli aliingiza spana zake uvunguni. Mshona viatu alisema yeye hukaa tu. Na jioni ya siku ya nne, Mzee Albano mwenyewe akaweka patasi chini.

"Mie mbona hujaniandika?"

"Wewe una kazi yako, mjomba."

"Kazi gani, na macho yenyewe haya yanazimika? Juzi nimelikata sikio la kinyago zima zima. Niandike. Hata wakinipa kukaa langoni kulinda, nitashukuru."

Benedikto akamwandika.

"Sasa huu ni utafiti!" Dokta Kornelio alisema wiki iliyofuata, na akampa mkono. Watu mia moja na kumi na wawili, jina na namba ya nyumba. Kilichobaki kilikuwa barua ya mwenendo mwema kutoka tawi la chama la mtaani kwake. Bila barua hiyo jina la mwanafunzi halikuingia kwenye orodha ya mahafali, na tawi halikutoa barua kabla ya kupewa nakala ya ripoti nzima.

Hapo ndipo redio ilipoanza kutangaza. Kila mwenye nguvu afanye kazi. Wazururaji wa mjini watapelekwa vijijini wakalime. Watu wa Mtoni walisikiliza wakatikisa vichwa kuwaonea huruma hao wazururaji, maana wao wenyewe walikuwa wameshaandikwa. Benedikto alisikiliza, na siku hiyo hakula hata kile kidogo kilichokuwepo. Kesho yake alikuwa tena mbele ya meza ya Dokta.

"Naomba nikitoe kiambatisho, Dokta."

"Kwa nini?"

"Tawi likiyaona yale majina, watawachukua. Na watu wale wana kazi zao. Tunajua wote wawili kuwa wanazo."

Dokta Kornelio aliangalia dirishani, kisha akamgeukia.

"Ukikitoa, ripoti inabadilika. Ikibadilika, inarudi kwa wasahihishaji, na huo ni mwaka mwingine. Kiwandani kwako watakupa mwaka wa nne?"

"Hawatoi. Nisiporudi na shahada kwa wakati, nafasi yangu anapewa mwingine."

"Kwa hiyo utarudi mtaani bila shahada na bila kazi. Nawe utaandikwa." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. "Sikiliza, ndugu yangu. Mie sikupewa Mtoni, nimepewa wewe. Kazi yangu ni kukufikisha kwenye joho. Peleka ripoti kama ilivyo."

Kisha akatia mkono mfukoni akampa nauli ya kurudia.

Katibu wa tawi, Sadallah, aliipokea ripoti akaanzia nyuma. Hakugusa utangulizi wala majedwali. Alikwenda moja kwa moja kwenye majina, akaanza kutabasamu.

"Loo! Sie wiki nzima tunahangaika tutaanzia nyumba gani, kumbe kuna kijana wetu ameshatupikia, kazi yetu kula tu."

Barua ya mwenendo mwema ilikuwa mezani, imeshachapwa, inangoja muhuri. Benedikto aliliona jina lake pale juu.

"Ndugu katibu, hawa watu wana shughuli zao. Ni namna nilivyowauliza tu ndiyo—"

Sadallah akainua uso. "Unataka kusema ulichoandika ni uongo? Maana kama ni uongo, hapa naandika mwenendo gani?"

Chumba kilikuwa na joto. Nje, mtu alikuwa akipita anauza maji. Benedikto aliifikiria mizigo yote aliyobebewa mpaka kufika mezani hapo, akafikiria miaka mitatu, kisha akamfikiria mjomba wake, na akajichukia kwa mpangilio huo.

"Si uongo."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

Muhuri ukagonga karatasi.

Siku sita alikaa na siri hiyo. Kila asubuhi alimwamkia mjomba wake akitaka kumwambia ajifiche kwa jamaa Gongo la Mboto, na kila asubuhi aliona haya ya kueleza kwa nini. Angemwambia, wangekimbia wote, Sadallah angejua nani kasema, na barua ingefutwa. Basi akapokea marahaba yake akaenda zake.

Lori lilikuja Jumamosi saa mbili, mgambo wanne na fimbo zao, Sadallah mbele. Walipoanza kugonga milango, milango ikafungwa zaidi. Nakala ya kaboni ya yale majina ilikuwa imefifia, na mgambo aliyepewa kusoma alivuruga majina matatu mfululizo, hakuna aliyeitika. Sadallah akageuka, akamwona Benedikto kizingitini.

"Mwenyewe si yupo! Njoo, msomi wetu. Soma."

"Ndugu katibu, mie—"

"Mahafali ni lini?" Sadallah akamuuliza, kwa upole.

Benedikto akazipokea karatasi. Akaanza kusoma. Na mtaa ulipoisikia sauti ya Benedikto, makomeo yakaanza kufunguliwa. Fundi baiskeli alitoka na spana zake zote. Mshona viatu alitoka akifunga vifungo vya shati, akimwita mkewe aje aone. Mgambo waliwasukuma, wao wakasukumwa huku wanacheka.

Mzee Albano alitoka na shati lake la kanisani.

"Kumbe ni leo! Mbona hukuniambia, nikanyoa ndevu?"

"Mjomba," Benedikto akasema.

"Usijali. Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe." Akampapasa bega, akanyoosha mkono mgambo amvute juu. Mgambo alimvuta kwa ukosi.

Chausiku alikuja mbio, mikono yote unga wa mchele.

"Kiwanda kiko upande gani, Benedikto? Moto nimeuacha unawaka. Niende kuuzima, au tutarudi mchana?"

Benedikto aliinamia karatasi. Sadallah akatazama saa yake.

"Endelea, ndugu," akasema. "Ukurasa wa pili."