Mwenye Nyumba ya Wageni wa Merigi

Kwa miaka mitano mfululizo Weldon alikuwa amemfukuza Mariamu mlangoni, mimba na yote, mbele ya kanisa zima, na kila mwaka alipigiwa makofi. Katika igizo la Krismasi la kanisa lao pale Merigi, yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba ya wageni. Maneno yake yalikuwa machache: "Nyumba imejaa. Hakuna nafasi. Endeni mbele." Aliyatoa kwa sauti ya kufukuza ng'ombe kwenye mahindi, macho ameyafumba kwa kujipenda, kisha akabamiza mlango wa boksi.

Aliwahi kumwuliza Pasta Kebaso mbona hapewi hata umamajusi, naye avae joho. Pasta alikohoa, akasema kila mtu na kipawa chake. Weldon alirudi nyumbani amefurahi. Ilimchukua mwaka mzima kushuku kwamba huenda hakusifiwa.

Mazoezini hakwenda. Mtu mzima afanye mazoezi ya maneno ambayo hata usingizini anayasema? Kiburi hicho ndicho kilichomponza.

Siku nne kabla ya Krismasi binti yake Chemutai alipiga simu. Miaka miwili nyuma, Chemutai alikwenda kuishi na Nyagaka, kijana Mkisii anayefanya kazi kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Hakuna wazee waliotumwa, hakuna aliyepiga hodi. Weldon alitangaza mbele ya mkewe Janeffer, na ng'ombe watatu waliokuwa wakikamuliwa, kwamba wawili hao hawatakanyaga boma lake. Tangu hapo walikuwa wamepata mtoto. Weldon hakuwa amemwona hata kwa picha, maana kila Janeffer alipomnyooshea simu, alisema miwani yake imepotea. Miwani ilikuwa mfukoni.

"Baba, tunataka kuja Krismasi. Siku mbili tu," Chemutai alisema.

"Nyumba imejaa."

"Imejaa nani?"

"Kuna wageni wanatoka Chepseon."

"Si utupatie hata ile chumba ya mbolea."

"Hakuna nafasi," Weldon akasema, akakata simu.

Hakukuwa na mgeni yeyote wa kutoka Chepseon. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, kimoja cha mbolea na kimoja cha makochi mapya ambayo hayajawahi kukaliwa, bado yamo kwenye nailoni ya dukani. Weldon alitamani sana kumwona yule mtoto wa kumwita Kugo, yaani babu, hata siku hiyo akafunga vifungo vya shati kombo mara mbili. Lakini mwanamume aliyeapa mbele ya ng'ombe watatu atarudije nyuma?

"Baba Chemutai, hiyo simu umejibu ukiwa nyumbani ama ukiwa kanisani?" Janeffer alimwuliza. Weldon hakumwelewa. Alidhani mke wake amechoka.

Siku ya Krismasi ilipofika, kanisa lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Weldon alijipanga nyuma ya mlango wake, amevaa gauni la Janeffer la kulalia na taulo kichwani, akasubiri. Hodi ikabishwa. Akafungua, akafumba macho, na akasema maneno yake vizuri kuliko mwaka wowote.

Akangoja makofi. Hayakuja. Mtu mmoja alipiga chafya, basi.

Alipofumbua macho alimwona Chemutai amefunga mto tumboni kwa leso. Kando yake alisimama kijana mrefu mwenye ndevu za katani, na Weldon hakuhitaji kuambiwa kwamba huyo ni Nyagaka. Walikuwa wamefanya mazoezi Jumamosi tatu. Merigi nzima ilijua, isipokuwa yeye.

"Asante, mzee," Nyagaka alisema, kama igizo lilivyotaka, akamshika mkewe mkono wakaenda. Weldon akafunga mlango polepole.

Akakaa nyuma yake juu ya kreti ya soda. Miaka yote, akishamaliza maneno yake, alikuwa akitoka nje kwenda kuangalia nyama imefika wapi. Kumbe hadithi ilikuwa inaendelea. Akawasikia malaika wakiimba, wamevaa mapazia ya Pasta. Akasikia wachunga kondoo wakiitwa, mamajusi wakipita hatua mbili kutoka alipoketi. Hata punda alikuwa na kazi. Mwenye nyumba peke yake ndiye hakuhitajika tena, kwa kuwa alishasema lake. Mungu alikuja kwa watu na kunyimwa mlango, lakini hakukasirika akarudi alikotoka. Alizaliwa tu huko nyuma, ng'ombe wanakolishiwa. Weldon, aliyekasirika miaka miwili kwa sababu ya hodi, aliona aibu ikimshika masikio. Alilia, akasingizia taulo.

Pasta Kebaso alikuwa ameinua mikono afunge kwa maombi wakati Weldon aliposukuma mlango, ukaanguka. Watu wakacheka, wakidhani mzee ameongezewa kipande. Aliukanyaga akapita. Yusufu alipomwona anakuja, alisimama kwa hofu.

Weldon akavua taulo. Akatoa miwani mfukoni, Janeffer akimwangalia, akaivaa.

"Nimekuja kuona mtoto," alisema.

Yesu wa mwaka huo alikuwa msichana wa miezi minne, aitwaye Mongina kama mama yake Nyagaka, na alikuwa akitafuna kamba ya mchunga kondoo. Pembeni yake mamajusi walikuwa wamebanana na kondoo. Weldon alisimama ukingoni mwa nyasi za zizi, mzee mzima ndani ya gauni la kulalia, hajui aweke mguu wapi.

Chemutai aliinua macho.

"Hata hapa pamejaa, Baba," alisema.

Weldon akaitikia kwa kichwa. Maneno hayo yalikuwa yake. Alikuwa ameshageuka nusu aondoke alipomsikia Chemutai akiwaambia wachunga kondoo:

"Songeni kidogo. Kugo yake akae."