Swichi ya Donka

Katika kijiji cha Gorna Krusha kila nyumba ilikuwa na redio, na hakuna nyumba iliyochagua cha kusikiliza. Kisanduku kilitundikwa ukutani, waya ukaja kutoka posta, na kitufe kilikuwa kimoja tu, cha kuongeza sauti au kupunguza. Sofia, redio ya mji mkuu, ikiimba, umeimbiwa. Sofia ikisoma habari za mavuno ya ngano, umesomewa, utake usitake. Kila siku saa saba mchana Sofia ilikatwa, hata kama msomaji alikuwa katikati ya neno, na badala yake ikaja sauti ya Donka Parvanova kutoka chumba kidogo nyuma ya ofisi ya kijiji: miche ya kabichi imefika dukani, daktari wa mifugo anakuja Alhamisi, na aliyechukua ngazi ya ushirika airudishe kabla hajatajwa jina.

Kukata kwenyewe kulikuwa kazi ya swichi moja nyeusi mezani kwa Donka. Juu, kijiji kinasikia Sofia. Chini, kinasikia Donka. Basi. Donka aliipenda swichi ile kuliko baadhi ya ndugu zake, lakini wiki hiyo ilimnyima raha kabisa.

Kisa ni hiki. Masika yale walikuja watu wa redio ya taifa na mashine zao, wakawarekodi wanawake wa kijiji wakiimba, na Bibi Radoyka akapewa wimbo mzima peke yake. Sasa taarifa imefika kwamba wimbo utarushwa Jumatano, saa saba na dakika chache. Na Jumatano ile ilikuwa siku ya hotuba ya mwezi ya Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Velichko, ambaye ni mtoto wa pekee wa Bibi Radoyka. Jamani, hata ungepanga usingeweza.

Donka akaenda kumwona ofisini.

"Ndugu Mwenyekiti, Jumatano tuiache Sofia iendelee. Mama yako anaimba."

"Mama yangu namsikia kila siku jikoni, tena bure," alisema Velichko bila kuinua macho. "Hotuba ya samadi haiwezi kungoja. Mvua zinakuja."

"Samadi imengoja tangu Machi, ndugu."

"Donka! Unataka kazi hii nimpe Stanka? Stanka ana sauti nzuri, halafu hana mdomo."

Donka akatoka akiwa amefura. Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Radoyka kumwambia asijisumbue kusubiri. Akamkuta anapiga pasi kitambaa chake cha kichwani cha sikukuu, kana kwamba watu wangemwona ndani ya kisanduku. Nusu ya mtaa ilikuwa imeshaalikwa, na unga wa kuokea ulikuwa mezani. Donka hakuwa mtu wa kuweka maneno tumboni. Akayamwaga yote, na lile la "tena bure" humo humo.

Bibi akaweka pasi pembeni.

"Mwanangu, nimeimba maisha yangu yote," alisema. "Kwenye harusi nikiimba, watu wanakula. Shambani nikiimba, watu wanalima. Nikimwimbia mtoto, analala. Sijawahi kuimba watu wakakaa kimya wakanisikiliza. Nilitaka mara moja tu, halafu Mungu anichukue akitaka."

"Hakuchukui mtu," alisema Donka. "Utasikika, bibi. Nakuahidi."

Njiani kurudi ndipo alipojiuliza ameahidi nini, na kwa kichwa gani.

Jumatano Velichko akaingia studio amevaa tai. Ndiyo, tai, ya kuhutubia ukuta uliotundikwa mablanketi ya kuzuia kelele. Mama kitambaa, mwana tai. Damu nzito kuliko maji. Akapanga karatasi zake, akanywa maji, akakohoa. Saa saba ikagonga. Donka akawasha taa nyekundu ya maikrofoni. Mkono wake ukaenda kwenye swichi, ukakaa hapo.

Liwalo na liwe, akasema moyoni. Swichi ikabaki juu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Velichko. "Samadi ni nini?"

Ni Donka peke yake aliyekuwa na vipokea sauti masikioni. Humo alimsikia mtangazaji wa Sofia akitaja jina la kijiji chao, kisha kimya kidogo, kisha sauti ya Bibi Radoyka. Mbele yake Mwenyekiti alipanua mdomo, na kwa masikio ya Donka kilichotoka mdomoni mle ni sauti ya mama yake mzazi. Velichko alitikisa kidole, bibi akapanda juu. Velichko alipiga meza, bibi akashuka taratibu. Donka akajiuma mdomo mpaka ukauma kweli, maana angecheka pale, kazi ingeishia hapo hapo.

Lakini wimbo ulikuwa wa mama anayemwita mwanawe arudi kutoka malishoni kabla giza halijaingia, na mwana hasikii. Ulipofika pale mama anapoita mara ya tatu, kicheko kikamwisha Donka chenyewe, yakaja machozi. Akalia kama mtoto.

Velichko akamwona. Akashangaa, halafu akaguswa mno. Hajawahi kumliza mtu kwa hotuba. Akaweka mkono kifuani, akausoma ukurasa wa matandiko ya ng'ombe kwa sauti inayotetemeka.

Alipomaliza, akatoka nje kifua mbele. Uwanja ulikuwa kimya. Trekta lilikuwa limezimwa katikati ya njia. Kancho mwenye duka alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho mekundu.

"Ndugu Mwenyekiti, nywele zimenisimama."

"Kweli?"

"Mke wangu kaunguza pilipili zote jikoni. Kashindwa kunyanyuka."

"Tena leo nilikuwa na mafua," alisema Velichko kwa unyenyekevu.

Kancho akamkodolea macho. "Mafua? Mama yako ndiye kaimba kama malaika, mafua yako yanatuhusu nini?"

Velichko akageuka polepole. Donka alikuwa kizingitini, vipokea sauti vinaning'inia shingoni.

"Donka. Kijiji kizima kimemsikia?"

"Kizima, ndugu."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unaongea."

Hakufoka. Alikwenda kwao mbio mbio, na Donka akamfuata; kama ni kufukuzwa, afukuzwe mbele ya mashahidi. Nyumba ilikuwa imejaa majirani. Bibi Radoyka alikaa chini ya kisanduku na kitambaa chake, watu wakimbusu mikono.

"Velichko," alisema, "umenisikia?"

Watu wote wakamtazama.

"Nimekusikia, mama. Umeimba vizuri sana."

"Mwongo we! Ulikuwa na samadi yako."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Velichko akakaa kwenye kigoda, akalegeza tai. Uso wake, jamani, ungemhurumia.

"Niimbie basi, mama. Kidogo tu."

"Si unanisikia kila siku? Tena bure?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akamgeukia Donka. "Wewe! Wewe kesho..."

"Kesho saa saba yuko kazini," alisema mama yake. "Zile karatasi unazo?"

"Karatasi gani?"

"Za hotuba. Nisomee."

"Mama, usinicheke mbele za watu."

"Sikucheki. Mtoto wangu kakaa siku ngapi akiandika, kavaa tai, kasema yote, na hakuna hata mmoja aliyemsikia. Nalijua hilo linavyouma. Soma."

Kisha akawageukia majirani, akawakata jicho. "Na nyie kaeni. Asitafune mtu."

Wakakaa. Donka naye akakaa, kipande cha mkate kimemjaa mdomoni, haruhusiwi kukimeza. Velichko akasoma samadi ni nini, akasoma matandiko ya ng'ombe, na hakuna aliyekohoa mpaka karatasi ya mwisho. Bibi Radoyka hakuondoa macho usoni mwake hata mara moja.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Sasa nyamaza."

Velichko akaziweka karatasi chini ya kigoda, akavua tai, akanyamaza. Mama yake akakaza kitambaa kichwani, akaanza kumwita yule mwana wa malishoni, na safari hii mwana alisikia mara ya kwanza.