Fungu la Mtumbwi

Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa mbili na robo asubuhi, jua lilikuwa limekwisha kuwaka, na upepo mkavu ulisukuma vumbi chini ya milango ya maduka. Hersi, muuzaji wa jumla wa Garsen kwa miaka ishirini, aliingia kijiji cha Idsowe akiwa amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, mkononi ana karatasi yenye sahihi tisa.

Alihitaji kumi. Kampuni ya unga ilikuwa imeacha kushusha shehena kwa wauzaji wa jumla. Magari yake madogo sasa yalitoka Malindi na kwenda moja kwa moja kwa wenye maduka. Garsen ingebaki na wakala mmoja tu, yule atakayetangulia kuleta sahihi za maduka kumi. Hersi akitanguliwa, ghala lake limekufa.

Duka la kumi lilikuwa la Loise, Mpokomo mwenye mtumbwi. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaisukuma karatasi kando. Akamkumbusha mafuriko ya mwaka juzi: barabara ilipokatika, mtumbwi wake ndio uliovusha marobota sitini ya unga wa Hersi. Katika kila kumi, moja ni fungu la mtumbwi. Ndiyo desturi ya mto.

"Nilimlipa mpiga pondo," Hersi akasema. "Mtumbwi hauli, mama."

"Na lori lako, mzee, hula ugali? Mbona humpakilii mtu bure?"

Hersi akaichukua karatasi yake. Alikulia ng'ombeni, ambako ujira ni wa mchungaji, si wa fimbo yake. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba chombo nacho kina haki. Na maisha yake yote alijisifu kuwa hadaiwi.

Akarudi Garsen, akapakia marobota sita kwenye tuktuk. Hajafika nusu ya njia, simu ikalia. Meneja wa kampuni alisema kwa upole kwamba mwingine ametimiza kumi; uwakala umekwenda kwake. Hersi akaitia simu mfukoni. Dereva akauliza kama wageuze, maana unga ule sasa ndio riziki ya mwisho.

"Twende."

Loise aliyatazama marobota yakishushwa, akafuta mikono, akatafuta kalamu.

"Leta karatasi, mzee, nitie sahihi."

"Haina kazi tena, mama. Hesabu."

Loise akahesabu polepole. Yalikuwa sita.

"Mtumbwi umelipwa," akasema.