Gari Lililomchukia Hilja

Mama Kinnunen aliingia gerejini bila kufunga mlango, upepo wa theluji ukimfuata nyuma, akazitupa funguo za gari mezani kwa Arvid Salmela kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Limefanya tena," alisema.

Arvid alishusha pumzi. Tangu alifanyie sevisi gari la bibi huyu, akaliwekea betri mpya na breki mpya za mbele, hakuwa amepata amani. Kwanza dirisha la dereva lilikataa kupanda hadi juu. Kisha taa za dashibodi zikaanza kuwaka kwa mkupuo, ya breki na ya utelezi pamoja. Kompyuta ya kupimia aliyoiazima ilimwambia kwamba sensa ya gurudumu la mbele kulia haisomi. Akafunga sensa mpya, akalizungusha gari mjini, akapanda nalo mlima na kushuka. Hakuna taa hata moja iliyowaka. Akalirudisha kwa mwenyewe kifua mbele, na sasa hilo hapo tena.

"Limefanyia wapi safari hii?"

"Kwa Hilja. Kila mara ni kwa Hilja. Gari hili linamchukia dada yangu."

Arvid aliangua kicheko. "Mama, hata mimi dada yako simpendi kihivyo, lakini siwaki taa."

"Wewe cheka tu. Barabara bado ina barafu, na mimi naendesha roho mkononi."

Kicheko kikamkauka Arvid. Alijua wa kumwita alikuwa nani; alijua tangu wiki iliyopita, ila kidole kilikuwa kizito kubonyeza namba.

Marlene Cloutier aliwahi kuwa fundi wake. Walikosana siku alipomwomba anunue vifaa vya kupimia umeme, naye Arvid akamjibu kwamba gereji yake ni ya spana, si ya kompyuta. Marlene alipakia vyombo vyake kwenye gari lake la mizigo, akaondoka. Siku hizi gereji za rasi nzima zilimwita kila gari lilipotoka sevisi na ugonjwa ambao halikuingia nao. Ni Arvid peke yake ambaye hakuwahi kumpigia.

Sasa akampigia, na Marlene akafika kabla ya chakula cha mchana, kofia ya sufu imemfunika masikio.

"Nilidhani simu yako iliungua, bosi," alisema, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Arvid aliona afadhali angetukanwa.

Marlene alianza na dirisha. Aliketi kitini, akawasha gari, akalipandisha dirisha kidogo kidogo mpaka juu kabisa, akaendelea kukishikilia kitufe. Kitu kikalia tiki ndani ya mlango. Akalishusha, akagusa mara moja tu; likapanda lenyewe mpaka mwisho.

"Betri ikitolewa, dirisha husahau mwisho wake uko wapi," alisema. "Unalikumbusha tu."

Arvid, aliyekuwa ameufumua mlango ule wote na kuufunga tena, alitazama dari.

Kisha Marlene akamgeukia mwenye gari. "Haya mama, nieleze. Linafanyaje?"

"Linamchukia Hilja."

Arvid alimkonyeza Marlene. Marlene hakumjali.

"Ukifika kwa Hilja unaegesha wapi?"

"Nyuma ya sauna. Inabidi nilizunguke rundo la kuni. Nakata usukani kushoto mpaka unagoma, ndipo napenya."

"Na kwako?"

"Kwangu naingia moja kwa moja."

Kompyuta ilibaki ndani ya boksi lake. Marlene alikata usukani kushoto mpaka ukagoma, akachukua taa, akalala chali sakafuni kando ya gurudumu la kulia.

"Bosi, njoo ulale hapa."

Arvid alilala, magoti yakilalamika. Mwanga wa taa ulimwonyesha waya wa sensa umevutika kama uzi wa kuanikia nguo, na plagi yake imechomoka nusu. Palipofungwa waya palikuwa na kamba nyeusi ya plastiki. Aliijua kamba hiyo. Klipu ya asili ilimvunjikia alipokuwa akifunga breki, akaufunga waya palipokuwa karibu. Na waya wa sensa mpya akaufunga papo hapo. Magurudumu yakiwa yamenyooka, kila kitu kilionekana sawa. Naye siku zote aliyaangalia yakiwa yamenyooka.

"Huu mkono wangu," alisema.

"Ndiyo." Marlene alimpa koleo. "Basi na itoke kwa mkono wako."

Aliikata. Marlene akampa klipu mpya kutoka kwenye kopo la biskuti, akamwonyesha njia ya waya, akamwacha aukaze mwenyewe. Arvid alisimama akijifuta mikono.

"Bado," Marlene alisema. "Twende kwa Hilja."

Wakaenda wote watatu, Arvid kwenye usukani, Marlene kando yake na kompyuta mapajani, namba za magurudumu manne zikipanda na kushuka kwenye skrini. Walilizunguka rundo la kuni, wakarudi nyuma, wakalizunguka tena, na tena. Arvid alichoka, Marlene hakuchoka. Alitaka usukani mpaka ugome, alitaka na mashimo ya barafu, na macho yake hayakutoka kwenye namba. Arvid aliwaza kwamba angemwachia gari lolote duniani.

Hilja alitoka na aproni. "Verna! Hao wehu wanafanya nini uani kwangu?"

"Wanatupatanisha wewe na gari!" Mama Kinnunen alipaza sauti kupitia dirishani.

Hakuna taa iliyowaka.

Jikoni kwa Hilja kulikuwa na kahawa na nisu, mkate mtamu wa Kifini unaonukia iliki. Arvid alimega kipande, akakigeuzageuza mkononi.

"Lile dirisha," alisema mwishowe. "Linasahauje?"

Marlene alisogeza vikombe kando, akachukua kijiko kuwa kioo cha dirisha na kisahani kuwa injini yake ndogo, akaanza kumweleza. Arvid aliinama, viwiko mezani, akiuliza na kuuliza tena, mpaka kahawa yake ikapoa. Hilja akaimwaga, akammiminia nyingine.