Sauti Ndefu ya Wahu

Katika kwaya yote ya kiwanda hakukuwa na mwanamke mwenye sauti tamu kunishinda. Nilifukuzwa wiki ya pili. Kwa hivyo haya niliyaona nikiwa dirishani, nikiuza njugu, na mwenye wivu huona vizuri.

Joash Obiero, mwalimu wa kwaya, alikuwa ameipa kwaya mgongo, akiandika solfa kwa chaki kwenye ubao wa ukumbi. Ilikuwa themanini na nne, mwaka wa njaa na mahindi ya njano ya msaada, na Jumamosi walikuwa wanaenda mashindano Nakuru. Wimbo ulikuwa wake, ameutunga mwenyewe. Tangu amzike mkewe Seline mwezi wa tatu, alitunga kama mtu anayejaza fomu: jina, tarehe, sahihi. Akiambiwa pole, anasema asante. Akipewa chai, anakunywa. Moto au baridi, kwake ilikuwa chai tu.

Lakini fomu yenyewe aliijaza kwa namna yake. Zamani alitungia sauti alizozitamani, za malaika wenye mapafu. Sasa alitungia zile zilizosimama mbele yake. Awuor alikuwa na kifua cha vumbi la pamba, hamalizi mistari miwili bila kukohoa. Joash akaweka kituo pale pale pa kikohozi. Kwenye mchujo wa wilaya jaji alivisifu vile vituo, ati vina hekima. Mzee Walubengo hakuweza kupanda. Besi ikaachwa chini, ikizunguka pole pole kama ng'ombe zizini.

Na Wahu, mfumaji kutoka Burnt Forest, alipewa noti moja tu, so, ndefu, tangu mwanzo wa ubeti hadi mwisho, wengine wakipanda na kushuka juu yake. Wageni walidhani ni heshima. Miaka kumi na moja kati ya mitambo ya kufuma ilikuwa imemmaliza masikio yote mawili. Ile so aliipata kwa kuweka kiganja mgongoni mwa Walubengo, akaisikia kwa mifupa. Maneno ya watu aliyasoma midomoni, kama wafumaji wote. Siri ilikuwa ya kwaya. Ofisi ikijua, angerudishwa nyumbani kwa barua fupi, yeye na watoto wanne.

Ndipo akaingia Simeon Wanyoike, karani wa wafanyakazi na mwenyekiti wa kwaya, beji ya chama iking'aa kwa koti kuliko macho yake.

"Mwalimu, PC, mkuu wa mkoa mwenyewe, atakuwa pale. Sitaki aibu. Nimeambiwa hii mama hasikii."

"Mama gani?"

"Usinichezee. Wahu."

Wahu alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu.

Joash akaangalia chaki mkononi mwake. Alingoja moyo udunde. Haukudunda.

"Anasikia," akasema. "Anasikia hata kunishinda."

"Na mbona ana noti moja wimbo mzima?"

"Huyo ni nguzo, Mwenyekiti. Umeona nguzo gani ikitembea?"

Awuor akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Walubengo naye akasema, "Huyu mama akinyamaza, sisi wote tunapotea." Hiyo nayo ilikuwa kweli.

"Haya. Imbeni."

Wakaimba. Ile so ikatanda chini ya wenzake, nzito, haitikisiki, na Awuor akakohoa pale pale alipotengewa. Niliacha kumenya njugu. Joash aliusikia wimbo wake jinsi mtu anavyosikia mvua ikinyesha kwa paa la jirani.

Wanyoike hakuketi. Alizunguka nyuma ya safu, viatu vikilia kwa saruji. Wimbo ukaisha, Walubengo akasogea kando kupangusa jasho, kiganja cha Wahu kikabaki hewani.

"Wahu!" Wanyoike akapaza sauti kisogoni mwake. "Wahu, kimbia, nyumba yako inaungua!"

Kwaya nzima ikageuka. Hata mimi dirishani niligeuka, na nyumba si yangu.

Wanyoike hakumtazama Wahu. Alimtazama Joash, bila hasira, kama anayengoja risiti.

Wahu alikuwa amemkazia mwalimu macho, anatabasamu, puani jasho.

"Mwalimu," akasema kwa sauti kubwa, kubwa kupita ule ukumbi, "turudie?"